Kukabidhi kwa Sifuri

Soksi yangu ilichanika saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwenye kiwiko, kwa sababu ya kiazi. Nilikuwa nachovya kiazi kitamu kwenye chai huku nikimtukana Gyunda kwa redio. Kiazi kikaponyoka, nikakidaka, uzi wa soksi ukanasa kwenye pembe ya meza, ukaachia. Wataalamu walikaa miaka minne wakiibuni soksi ile. Mimi niliimaliza kabla sijameza.

"Mtani," nikamwambia, "nimechana soksi."

"Tembea peku," Gyunda akajibu kutoka chini. "Nyie Wanyamwezi si ndio mlibeba mizigo ya watu hadi pwani bila viatu?"

"Sisi angalau tulifika. Nyie Wanyiramba mlipoletewa viatu mliviinjika jikoni mkangoja viive."

Akacheka hadi redio ikakwaruza. Gyunda alikuwa fundi wetu wa chini, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwembamba kama waya wa kuanikia nguo. Ndiyo maana alipewa kazi ya pangoni. Pango ni njia nyembamba inayopita chini ya mtambo, na asubuhi ile alikuwa ameingia kubadilisha ncha ya Kidole cha pili. Miaka tisa tumefanya kazi pamoja, na sikumbuki hata siku moja tuliyosalimiana kwa adabu.

Mtambo wenyewe una jina refu kwenye karatasi. Sisi tunauita Chungu. Ndani yake kuna haidrojeni iliyopashwa moto hadi ikaacha kuwa gesi ikawa plazma, digrii zaidi ya milioni mia moja, imeninginizwa na sumaku katikati ya uwazi ili isiguse kitu. Watu wakija kutembelea huuliza kuhusu hizo milioni mia. Mimi huwaambia waache. Katikati kumetulia. Balaa liko ukingoni, pale moto huo unapokutana na ukuta baridi. Umewahi kupika uji mzito? Katikati unachemka kwa heshima zake. Ukingoni ndiko unakotema. Bonge linaruka, linatua mkononi, unalilamba huku machozi yanakutoka. Chungu nacho kinatema. Mabonge ya plazma yanaruka kuelekea ukutani, maelfu kila sekunde, na lazima awepo mtu wa kusema leo yanaruka vipi.

Huyo mtu ni mimi. Kidole ni mkono wa chuma wenye ncha ya tangsteni; tunavyo viwili, na asubuhi ile cha kwanza ndicho kilichokuwa kazini. Kila nusu dakika kinachomekwa kwenye ukingo wa plazma kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha kinachomolewa kabla hakijaungua. Kile kilichokigusa kinaletwa kwenye soksi ninayovaa mkono wa kushoto, kutoka vidoleni hadi begani, na soksi inanibonyeza, inanichoma, inanitekenya kwa mpangilio uleule. Mimi nasema namba. Sifuri ni shwari. Kumi ni ukuta unaanza kuliwa. Kompyuta nazo zinasoma, tena haraka kuliko mtu, ila zinasoma vizuri kile tu zilichowahi kukiona. Mara tatu huko nyuma ngozi ya mtu ilishtuka na kompyuta ikabaki inatabasamu. Basi wakaamua kompyuta ifuate mkono.

Kwenye usaili walikuja wenye shahada za uzamivu, wakafeli kwa sababu walikuwa wanafikiri. Mimi nilikuwa nachomelea mageti Itigi. Nilishaungua, nilishadhulumiwa, nilishaachwa na mume na jiko lake. Ngozi yangu haiombi ruhusa kwa mtu ili iogope.

Soksi imechanika, sasa? Nikafungua kabati. Nyuma kabisa, chini ya makoti ya mvua, kulikuwa na soksi ya akiba ya toleo la zamani, iliyowekwa pale siku Chungu kilipowashwa mara ya mwisho. Waya wa Kidole uliikubali, ila plagi yake haikuingia kwenye kompyuta mpya. Ilikuwa inaongea na ngozi tu.

Nikaivaa. Nikakaa. Nikanywa funda la chai. Kidole kikaingia.

Kikombe sikukiona kilikoangukia.

*

Nimeshapigwa na umeme mara mbili maishani, kwa hiyo najua kwamba ule haukuwa umeme. Ulikuwa kama kuchomeka mkono ndani ya gunia la nyuki, halafu ukagundua kwamba nyuki wote wanaelekea upande mmoja. Si vurugu ya kawaida. Mabonge makubwa, mazito, yanafuatana, yanapita palepale yalipopita ya mbele, kutoka kifundoni hadi begani, kama watu waliokwisha kujua njia.

Nikafikiri soksi ni mbovu. Nikangoja nusu dakika. Nusu dakika ile ilikuwa ndefu.

Kidole kikaingia tena. Nyuki walewale. Njia ileile.

"Tisa," nikasema, bila kujua namwambia nani.

Kwenye skrini kubwa mbele yangu, kompyuta ilikuwa imeandika moja. Moja, kwa rangi ya kijani. Na moja hiyo niliitoa mimi, saa mbili asubuhi, nilipopokea zamu.

Injinia Lutengano, mkuu wa zamu, aliinua kichwa kwenye meza yake. Ni Mnyakyusa mtaratibu. Hata akikasirika unadhani anakuombea dua. "Dada Nyamizi, umesema ngapi?"

"Tisa, Injinia."

"Kwa soksi gani?"

"Hii ya zamani. Ambayo sifuri yake iliwekwa Chungu kikiwa baridi." Na hapo hapo, maneno yakiwa bado mdomoni, nikaelewa.

Ngoja niseme, kwa sababu kosa ni langu. Kila ngozi ina namna yake, kwa hiyo kila anayeingia zamu lazima soksi ipimwe sifuri yake upya. Kitabu cha maelekezo kinataka ipimwe Chungu kikiwa kimezimwa. Lakini miaka saba iliyopita nilikuwa napokea zamu kutoka kwa mama mmoja mwoga, ambaye soksi yake ilinipokea na hofu zake zote, natetemeka hadi mchana. Nikasema mimi sitamfanyia mwenzangu hivyo. Nikaanza, kabla ya kuvua, kupima sifuri papo hapo, Chungu kikiwaka. Anayeingia asirithi woga wa anayetoka. Wenzangu walipenda. Ikawa ndiyo adabu ya chumba chetu. Mtu akikuachia soksi bila kukabidhi kwa sifuri, tunamwona hana malezi. Na haikudhuru kitu, kwa sababu siku zile Chungu kilizimwa kila baada ya wiki chache, sifuri ya kweli ikarudi.

Halafu wakubwa wakataka rekodi. Getini pakawekwa ubao wa kuhesabu siku ambazo hatujazima. Asubuhi ile ubao ulisema 426. Zamu tatu kwa siku. Zaidi ya mara elfu moja na mia mbili tumeuchukua msukosuko uliokuwepo, tukauita sifuri, tukampa mwenzetu kwa tabasamu. Kila zamu ilipanda kidogo tu, chini ya sehemu ya mia ya namba. Sehemu ngapi hizo? Na kompyuta ilifuata mkono.

Nilimweleza Lutengano hayo kwa sentensi tatu. Hakubisha. Aligeuka, akafungua kumbukumbu ghafi za siku, zile ambazo wastani wake hutoka kesho yake na hakuna anayezisoma. Akaweka ya siku ya kwanza kando ya ya jana. Mimi niliona tu mstari mmoja umelala chini na mwingine uko juu kabisa ya skrini. Yeye aliona zaidi, maana rangi ya midomo ilimtoka.

"Ya jana ni nane na kitu," akasema. "Ya leo hatuna njia ya kuipata."

"Unayo. Hii hapa." Nikainua mkono wa kushoto.

Akatazama kitufe chekundu katikati ya meza zetu mbili. Nami nilikitazama. Kisha wote wawili, kama tuliogongwa kisogoni pamoja, tukatazama redio.

Kwa sababu kukizima Chungu kwa ghafla ni jambo la sekunde mbili, na katika sekunde hizo sumaku zinapoteza ubaridi wake, na heliamu iliyokuwa ikizipoza inatoka yote kwa mkupuo kupitia chini. Chini ni pangoni. Heliamu haina sumu. Inafukuza hewa tu. Mtu anavuta pumzi mbili, anasinzia, basi.

"Mtoe," Lutengano akasema.

"Dakika kumi na moja." Kila mtu kituoni anaijua hesabu hiyo. Pango lina milango mitatu, na kila mmoja unabadilisha hewa kwa dakika mbili na nusu kabla taa haijawa ya kijani; zinazobaki ni za kutambaa. Ukigusa mpini taa ikiwa nyekundu, mtambo unadhani kuna mvujo, milango yote mitatu inajifunga saa nzima. Ukibonyeza king'ora cha kuwatoa watu jengoni, vivyo hivyo, milango inajifunga.

"Kwa hiyo hatuwezi hata kuwaambia watu watoke," nikasema.

"Tukiwapigia simu, mmoja atavunja kioo cha king'ora. Mmoja tu anatosha."

Tulikuwa watu themanini na wanne mle ndani. Bonge likipenya ukuta linaikuta lithiamu ya kupozea, na lithiamu ikikutana na hewa inawaka moto usiozimwa kwa maji. Maabara iko ghorofa ya pili, juu ya Chungu kabisa. Mke wa Lutengano, Sekela, alikuwa maabara. Simu ya ndani ilikuwa sentimita kumi kutoka mkononi mwa Injinia. Aliiinua. Akaishika kidogo, akairudisha mahali pake taratibu, kama anayeweka yai.

"Namba yako ndiyo macho yangu," akaniambia. "Ikiwa tisa, tunamsubiri Gyunda. Ikifika kumi unabonyeza. Kama wewe huwezi, nitabonyeza mimi. Niahidi utaniambia."

"Nakuahidi."

"Na yeye usimwambie. Akiogopa atagusa mpini."

*

"Mtani," nikasema kwenye redio. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayeuza maandazi. "Acha hiyo kazi, toka. Injinia anakuhitaji huku juu."

"Sasa hivi? Nimebakiza skrubu mbili."

"Ziache."

"Nikiacha ncha inaning'inia, wewe ndiye utakuja kuifunga? Na hayo makalio, mlango wa kwanza tu utakaa kama kizibo."

"Gyunda, ziache. Toka polepole. Tafadhali."

Nikasikia chuma kikiwekwa sakafuni, halafu magoti yakikokota. Kidole kikaingia; nyuki wakapita. "Tisa," nikamwambia Lutengano nikiwa nimeifunika redio kwa kiganja. Akaandika muda kwenye karatasi.

Mlango wa kwanza. Taa nyekundu. Dakika mbili na nusu za kusikiliza mtu akipumua.

"Mtani," Gyunda akasema, "umeniambia tafadhali."

"Eeh."

"Miaka tisa. Siku nilipovunjika mguu uliniambia wa pili unangoja nini. Leo unaniambia tafadhali."

Lutengano akatikisa kichwa: usiseme. Nami ningemdanganya, nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema kitu cha kipuuzi. Lakini fikiria. Mtu yuko tumboni mwa chuma, na wewe umekalia kitufe kinachoweza kumuua, na unamtania ili afe bila kujua umekaa wapi. Utani haukuwekwa kwa ajili ya hilo. Mtani ndiye anayekuosha ukifa, ndiye anayeruhusiwa kukwambia ukweli mchungu mbele ya watu na ukacheka. Nikimdanganya kwa mdomo uleule wa utani, nimebaki nani kwake?

"Kuna shida," nikasema. "Usiguse mpini. Ukinisikia nasema jambo baya, usiguse mpini."

"Ni ngapi?"

"Tisa."

Kisha, taratibu: "Namba yako ya asubuhi ilikuwa moja."

"Ilikuwa uongo. Tumeujenga wenyewe, zamu kwa zamu. Nitakueleza ukitoka."

"Na kumi?"

"Kumi nabonyeza."

Akasema neno moja la Kinyiramba ambalo siliandiki. Halafu akaanza kulia, si kwa sauti, vile mwanamume anavyolia akiwa ameng'ata shati. Lutengano alifumba macho. Nilijua anaona mkono wa Gyunda na mpini, na nafasi iliyopo kati yake.

"Mikono yako iko wapi?" nikauliza.

"Nimeikalia."

"Vizuri. Ndiyo mara ya kwanza inafanya kazi ya maana."

Kikatoka kitu kama kicheko, chenye kamasi. "Taa ya kijani," akasema. Mlango ukaguna. Magoti yakakokota.

"Nitukane," akasema. "Nitukane vizuri, mtani, nisiisikie hii milango."

Basi nikamtukana. Sijawahi kutukana vile. Nilianza na babu yake, nikapanda hadi kwa ng'ombe wa babu yake, nikasema waliposikia Mnyiramba anakuja kuwakamua walikausha maziwa wenyewe kwa aibu. Nikamwambia mke wake aliolewa gizani, kukicha akaomba kurudishiwa siku. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni hadi kwenye kiti. Kila nusu dakika Kidole kiliingia na nilikatika katikati ya neno, nikang'ata ulimi, nikamwinulia Lutengano vidole tisa, nikaendelea. Yeye alikuwa ananitazama vidole tu. Hakunitazama usoni.

Mlango wa pili ukapita.

*

Alikuwa amefika mlango wa tatu, taa nyekundu imewaka sasa hivi tu, Kidole kilipoingia na nikakosa mkono.

Sijui niseme vipi. Haukuuma. Mabonge yaliacha kupita moja moja. Yaliungana, kutoka vidoleni hadi begani, kitu kimoja kirefu kinachojisokota kama nyoka anayejivua gamba, na kilikuwa hakirudi nyuma kikifika ukingoni. Kilikuwa kinabaki. Kimeegemea ukuta.

Ngozi yangu ilijua. Hakuna siku nitakayodai kwamba nilikuwa na shaka.

"Dada Nyamizi," Lutengano akasema.

Kitufe kilikuwa mbele yangu. Kimepakwa rangi ya nyanya iliyoiva, kina kifuniko cha kioo ambacho tulishakiinua. Redioni Gyunda alikuwa anasema, "Mbona umenyamaza? Umefika kwa shangazi yangu, mbona umenyamaza?"

Themanini na wanne. Nilijaribu kuwaona. Nilimwona mpishi, na Sekela na miwani yake, na yule mhasibu anayejipulizia manukato kama anaua mbu. Niliwaona kama picha zilizopigwa mbali. Na Gyunda nilikuwa namsikia akivuta kamasi.

"Ngapi?" Lutengano akauliza.

"Tisa," nikasema.

Akaandika.

Nusu dakika. Kidole. Kile kitu kilikuwa kimejaa mkono wote, kinasukuma hadi shingoni. Soksi ilikuwa haina tena pa kubonyeza.

"Tisa."

Akatazama simu. Akanitazama mimi, mara hii usoni, na nikamrudishia uso ule ninaowapa wateja wa mageti wanaoniuliza kama bawaba itadumu. Akaondoa mkono wake kwenye simu. Ameniamini, nikajisemea, na kuaminiwa kule kuliniingia baridi kuliko kitu chochote kilichokuwa Chunguni.

"Shangazi yako," nikamwambia Gyunda, "shangazi yako akicheza ngoma, mvua inaghairi." Sikusikia nilichokisema. Nilikuwa nahesabu. Dakika moja na nusu. Kidole kikaingia. Sikioni kulikuwa na mlio mwembamba, na sikujua kama ni Chungu au ni damu yangu.

"Tisa."

Dakika moja. Sakafu ilitetemeka, kidogo sana, vile lori linavyopita mtaa wa pili. Lutengano aliweka kiganja juu ya meza kuisikiliza.

"Hiyo ni nini?"

"Pampu," nikasema. "Tisa." Na nusu dakika ya mwisho, tena: "Tisa."

Sala nilishaisahau zamani. Nikajikuta nasema "subiri, subiri, subiri," na sijui nilikuwa namwambia Mungu, au ukuta, au mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa umepanda wenyewe ukakaa juu ya kitufe.

"Kijani!" Gyunda akapiga kelele. "Kijani, nimetoka, nimetoka, mlango umefungwa nyuma yangu..."

Nikabonyeza.

*

Chungu kilikata pumzi. Siku mia nne ishirini na sita ule mvumo ulikuwa ndani ya kuta, ndani ya chai, ndani ya meno. Tulishasahau kwamba ni sauti. Ulipoisha nilidhani nimekuwa kiziwi. Chini yetu heliamu ikapita pangoni ikinguruma, ikajaza kila kona aliyokuwa ametambaa.

King'ora kikalia. Watu wakashuka ngazi, wengine wanacheka, wakidhani ni zoezi.

Kamera ndogo ilipelekwa ndani kuutazama ukuta. Lutengano aliiongoza mwenyewe. Upande wa Kidole, kwenye kimo cha kifua cha mtu, kulikuwa na mfereji, mweusi, laini, kama alama ya kidole kwenye siagi. Ukuta pale ulitengenezwa wa milimita kumi na mbili. Akapima. Akapima tena.

"Milimita moja," akasema. "Na nusu ya nywele."

Akavuta fomu ya tukio. Akaandika muda, majina, siku. Nje, kupitia dirishani, niliwaona uwanjani wamepangwa kwa mistari chini ya jua, wanapiga soga, mtu anagawa chupa za maji. Wazima. Hakuna hata aliyejikwaa.

"Namba ya mwisho kabla ya kuzima," Lutengano akasoma kutoka kwenye fomu. Kalamu ilikuwa tayari. "Tisa."

Angeandika. Soksi ile haikuweka kumbukumbu mahali popote. Kilichosomwa kilisomwa na ngozi yangu, na ngozi haiitwi mahakamani. Ningesema ndiyo, wangenipa cheti na mchele. Wangenibeba juu. Nami siwezi kusema kwamba ni ujasiri ulionifanya nifungue kinywa, kwa maana nilikuwa naogopa kuliko dakika zote zile. Ila niliona jinsi alivyoandika "tisa" kwenye ile karatasi yake, tano za mwisho zikiwa zimefuatana na za kweli, zote zinafanana. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya miaka saba. Nilikuwa hodari mno wa kumpa mtu namba ya kumtuliza.

"Kumi na moja," nikasema.

Kalamu ikabaki hewani. "Haipo kumi na moja."

"Najua. Kumi ilikuja mlango wa tatu, taa ilipowaka nyekundu. Baada ya hapo soksi haikuwa na namba."

"Ulisema tisa."

"Nilisema tisa."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

Hakupaza sauti. Ningemshukuru kama angenipiga. Aliiweka kalamu sambamba na ukingo wa karatasi, akairekebisha ikae sawasawa. "Nilishika simu," akasema. "Kabla ya ile pampu yako, nilishika simu nimwambie Sekela atoke. Nikaiacha. Kwa tisa yako."

Nikaitazama ile simu.

Mlangoni palikuwa na mtu. Gyunda, magoti yamechubuka, amejifunika blanketi la zahanati, na kwenye midomo yake tayari kulikuwa na tusi alilokuja nalo kutoka chini, unaliona kabisa linavyomchekesha kabla halijatoka. Alikuwa amesikia. Tusi likafa pale pale. Alitutazama, kisha akatazama dirisha, wale watu uwanjani na chupa zao za maji, na nikaona anawahesabu. Alihesabu muda mrefu.

"Kwa ajili yangu?" akauliza.

"Nilikuwa nakusikia," nikamwambia. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo, na sijapata jingine hadi leo.

Akajivutia blanketi mabegani. Hakunishukuru, hakunitukana. Akageuka akashuka ngazi kwenda kusimama nao, mwisho wa mstari, mbali kidogo na mtu wa mwisho.

Mlinzi wa lango akaanza kuita majina. Sauti yake ilipanda hadi juu kupitia dirisha lililo wazi. Kila jina likajibiwa. Nipo. Nipo. Mwanamke mmoja alichelewa, wakamcheka, akajibu kwa madaha. Nilisimama na ile soksi bado mkononi, sikuweza kuivua. Kila "nipo" iliingia vidoleni ikapanda hadi begani. Sekela Lutengano. Nipo. Gyunda Nalogwa. Ikabidi aitwe tena, ndipo: nipo.

Injinia alijibu lake kwa sauti kutoka mezani. Wakafika themanini na watatu.

"Nyamizi Kapaya?"

Nilijaribu.

"Nyamizi Kapaya!"

Injinia Lutengano akasogea dirishani, akaegemea kizingiti.

"Yupo," akawaambia, bila kugeuka kunitazama.